Kipande Kisicholia

Kolondugu,
siku ya tisa baada ya Idi ya kuchinja

Kaka yangu mpenzi Burama,

Assalaam alaykum. Nakusalimu asubuhi hii, nakusalimu na jasho la kazi, nakusalimu na ugeni wa huko. Umeamka kwa amani? Wifi yangu je? Watoto je, na yule mdogo aliyekuwa na kikohozi wakati wa mvua, kimemwacha? Najua utanijibu ni amani tu, kama tunavyojibu sote hata paa likiwa linaungua, lakini mimi nauliza kwa kweli, na ukijibu nijibu kwa kweli.

Sisi huku tupo. Mama hajambo. Miguu ndiyo imegoma, ila mdomo ni mzima kuliko wangu. Kila jioni anauliza kama huko kwako San-Pedro kuna mtama, na kila jioni namwambia kuna kakao na samaki, naye anasema basi mwanangu anakufa njaa. Nfali, binamu yetu, bado anafua majembe kwenye kibanda kilekile cha baba. Mimi nafinyanga vyungu vyangu na kuchoma mkaa wa Nfali. Mvua zilikuwa nzuri, karanga zimejaa. Haya ndiyo mazuri.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu mpaka nipande juu ya kichuguu nyuma ya kwa Nfali, na pale lazima nipige kelele, na kijiji kizima kina masikio. Ninayotaka kukuambia si ya kupigia kelele. Nitampa Salimata, muuza kokwa za kola anayekuja huko, barua hii mkononi, nitaifunga kwa uzi na gundi ya mti. Ukikuta uzi umekatwa, usimlishe.

Kaka, kaa chini kwanza. Fuawe la baba limerudi. Liko uani kwetu, chini ya kibanda cha vyungu, na kuku wameanza kulizoea.

Jinsi lilivyoondoka unajua, ulikuwepo. Niache niandike hata hivyo, maana nimelibeba jambo hili miaka thelathini na sita na nataka uone kama ninavyolikumbuka ndivyo lilivyokuwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe kumi na saba. Baba alikuwa amechoma tanuri ya gele, ule mti wa wahunzi ambao mkaa wake unalainisha chuma kama nta, na mti wenyewe uliangushwa na upepo, hakuna aliyeugusa kwa shoka ukiwa hai. Siku ya tatu, moshi ukiwa umeanza kuwa wa buluu, akaja afisa mpya wa misitu na mkubwa wake. Baba aliposikia afisa anaitwa Tumani Diakite alicheka mpaka akakohoa. Diakite ni Mfulani, wale wafugaji wa ng'ombe, na Mfulani ni mtani wa mhunzi tangu mababu walipochanjiana damu. Mhunzi hamwagi damu ya Mfulani, Mfulani hamwagi ya mhunzi, na mtani akikuomba kitu hunyimi. Baba akamsogezea kigoda, akamwambia, "Mwizi wa ng'ombe! Mtumwa wangu! Leo ndio umekumbuka kuja kumsaidia bwana wako kazi?"

Mtani wa kweli angemrudishia tusi kubwa zaidi, wakacheka, mambo yakaishia kwenye chai. Yule akamwangalia mkubwa wake, akaangalia viatu vyake vipya, akasema serikali haina utani. Akaupiga teke ubavu wa tanuri. Unakumbuka sauti ile? Hewa iliingia na moto ukafoka, na kazi yote ikawa jivu tukiwa tunatazama. Kisha akasema vyombo vya kosa vinachukuliwa. Shoka, mvukuto, na fuawe. Baba alimwambia fuawe si chombo, ni mama wa nyumba, juu yake ndipo watu wanapoapa. Akaambiwa basi ambebe mama yake mwenyewe. Akalibeba kichwani, siku ya soko, katikati ya watu waliomnunulia majembe, na yule nyuma yake anamhimiza kama punda. Mimi nilifuata nikishika ncha ya kanzu yake. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujifuta.

Baba alifua miaka miwili juu ya kipande cha reli, na akawa anasema chuma kimekuwa kiziwi. Kisha akalala, na hakuamka. Jioni ya mwisho ulitaka kuchukua panga uende kituoni. Akakuita, akakuapisha kwamba hutamgusa Diakite, kwa kuwa yule kuvunja kiapo hakutupi sisi ruhusa ya kukivunja. Uliapa. Ukaondoka wiki ileile, kwa sababu hukuweza kukaa nchi moja na kiapo hicho. Sijawahi kukulaumu, walahi. Ila jambo moja halikuwapitia akilini, wewe wala baba. Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni na kibuyu cha maji. Mimi hakuna aliyeniapisha. Mtoto wa kike, nani angenikumbuka?

Basi, kaka, mtu huyo amestaafu. Mwaka jana alikuja kujenga nyumba hapa Kolondugu, upande wa shamba la mama yake, yenye vigae na tangi la maji. Sukari imempanda, na daktari amemwambia atafute shughuli ya kutoa jasho. Wengine wangelima. Yeye kaamua awe mhunzi! Usicheke, au cheka, mimi nilicheka kwa hasira mpaka nikashika mbavu. Kajenga kibanda cha nyasi, kanunua nyundo mpya tatu, kafunga feni ya gari bovu kwenye bomba, anaiendesha kwa betri. Anafua visu vya kujifurahisha. Havikati hata boga. Mke wake kwenye kisima alikuwa anawaambia wanawake kwamba mzee kapata mchezo, afadhali huo kuliko kuoa mke wa pili.

Mkaa ndio ulimshinda. Mkaa wa sokoni ni wa kuchemshia chai, unatoa moshi, unakufa haraka, chuma hakiivi. Akajaribu kuchoma mwenyewe ndani ya pipa la mafuta, akapata vijiti vyeusi nje na mbao ndani. Watu wakamwambia nenda kwa Kaniba, binti wa wahunzi, mkaa wake ukiugonga unalia kama glasi. Akaja na kola kumi kwenye jani, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akasema, "Mhunzi mchafu wewe, mla masizi, bwana wako Mfulani amekuja. Nifundishe kuchoma mkaa." Mtu yule aliyemwangusha baba kwa sababu ya mkaa! Nilimtazama usoni. Nywele nyeupe, tumbo, jino moja la dhahabu. Akaniuliza mimi ni Ballo wa wapi, jina la wahunzi wengi. Hakunijua. Alichukua vitu vya watu wengi mno katika kazi yake, tumechanganyika wote kama kunde kwenye gunia.

Hapo, kaka, ndipo damu yangu ilipochemka. Angekuja anaogopa, pengine ningemhurumia. Nilimwambia waziwazi, mbele ya mama na majirani, "Tumani, nitakuchoma wewe kabla ya kuni." Akacheka akajipiga paja, majirani wakacheka, wakasema hawa watani hawa! Ndiyo raha ya utani, na ndiyo sumu yake. Nimemwambia yule mtu kila siku kwa miezi saba kwamba namchukia, nimemwita mbwa, nimemwombea kaburi bovu, na kila mara amecheka na kunirudishia. Nimesema kweli tupu na hakuna aliyeniamini.

Nikakubali kumfundisha. Mtani akiomba hunyimi, si ndivyo?

Siku ya kwanza alinipeleka kibandani kwake nione vifaa. Fuawe letu lilikuwa pale, limechimbiwa kwenye kigogo kipya. Ile kona uliyoimega ukiwa na miaka tisa, ukijifanya mtu mzima na nyundo kubwa, ukapigwa na baba mpaka ukajificha kwa shangazi, ipo vilevile. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kalipata wapi. Akasema, "Mali ya kazini. Miaka yote hii limeshikilia mlango wa baraza langu mjini." Mlango, Burama. Mama wa nyumba yetu alikuwa anazuia mlango usipigwe na upepo.

Nikaanza kazi. Nilimwambia mhunzi wa kweli anabeba kuni zake kichwani mwenyewe, na anazipitisha sokoni ili watu washuhudie. Uongo mtupu, lakini angejuaje? Siku ya soko nilimtwisha gogo la gele, nikatembea nyuma yake nikimhimiza. "Haya punda wa Kifulani, twende!" Watu walikufa kwa kicheko. Wanawake wa samaki walipiga vigelegele. Alipofika kwa muuza vitambaa alisimama kidogo, jasho linamwingia machoni, akageuza shingo akanitazama muda mrefu. Kisha akaendelea kutembea. Nilidhani amechoka.

Tanuri tukaipanga vizuri, magogo, nyasi mbichi, udongo, matundu ya pumzi. Naujua moto, ila nilimwachia asimamie yeye usiku na mchana. Moshi ulipokuwa wa buluu tukaziba matundu yote. Sasa wewe unajua na mimi najua kwamba baada ya kuziba unaiacha siku nne nzima ipoe, usiiguse hata kwa kidole. Mimi nilimwambia afungue kesho yake asubuhi. Akafungua, hewa ikaingia, moto ukafoka, na kuni zote zikawa jivu mbele ya macho yake. Nikasimama kando na mikono kiunoni. Nilimwambia nadhani udongo ulikuwa mbaya. Tukarudia, nikamharibia tena. Mara ya tatu akashinda na tanuri siku tatu, mzee yule mwenye sukari, anakula ugali baridi palepale chini, na asubuhi nikampa jivu tena. Alichota kidogo kiganjani akalipuliza. Akasema, "Sawa, mtani. Tuanze upya." Nikaenda nyumbani nikala wali wa karanga sahani mbili, na usingizi niliolala siku ile sijaupata tangu utoto.

Lakini kisasi, kaka, ni kama kujikuna, hakina mahali pa kuachia. Majivu ya tanuri tatu hayakunitosha. Alipotangaza kwamba kabla ya Idi ya kuchinja atafua kisu cha kumchinjia kondoo wake mwenyewe, na kwamba Ijumaa baada ya sala watu waje kibandani kutazama, nikasema tanuri ya nne itakuwa ya kweli. Nilimchomea mkaa kama ninavyomchomea Nfali. Siku nne tukaiacha ipoe. Tulipofungua palikuwa na makaa mawili matatu yaliyokuwa bado mekundu, tukayazima kwa maji ya kisimani, na mengine yote yalikuwa meusi ya kung'aa. Mzee alishika kipande akakigonga kwa ukucha, kikalia, akacheka kama mtoto. Nakiri mbele yako kwamba dakika ile nilifurahi naye. Mkaa mzuri ni mkaa mzuri.

Nikakaa na chekecheo na magunia mawili kufanya ile kazi aliyotufundisha baba tangu tukiwa hatujui kuhesabu. Kila kipande unakigonga na mwenzake kabla hakijaingia gunia. Unakumbuka alivyotupiga vidole tukiruka kimoja? Kinacholia kinaingia, kisicholia kinatupwa. Nilikaa mpaka alasiri. Tumani aliniuliza kwa nini naumiza mikono hivyo, na ni hilo tu ambalo sikumfundisha. Nilimwambia napiga muziki.

Ijumaa watu walijaa. Nfali alikuja, imamu alikuja, mke wa Tumani alitengeneza maji ya tangawizi. Ile feni ikagoma, betri imekufa. Nfali akaleta mvukuto wake, na mzee akaniambia, "Mla masizi, mpulizie bwana wako." Nikakaa kwenye mvukuto. Chuma kikawa chekundu, kikawa cha machungwa. Alikuwa anafua vizuri, kaka, sitasema uongo. Na kila nyundo iliposhuka nilisikia sauti ya fuawe la baba, sauti iliyokuwa inatuamsha alfajiri. Imamu mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee akarudisha kisu motoni mara ya mwisho, akainama karibu aone rangi ya ncha. Ndani ya mkaa kitu kikapasuka kwa mlio mmoja, kama risasi. Tumani akashika uso. Damu ilipita kati ya vidole vyake ikadondoka juu ya fuawe, na hapo juu ya chuma cha moto ikachemka.

Walimpeleka mjini kwa pikipiki, na kutoka hapo mpaka hospitali kubwa. Jicho la kushoto limetolewa. Watu walisema mkaa una mambo yake, ni kudra ya Mungu. Idi aliila hospitalini.

Jumanne iliyopita, siku ya soko, nilikuwa nimepanga vyungu vyangu pale karibu na wauza chumvi nikasikia soko limenyamaza. Soko la Kolondugu kunyamaza, wewe unajua halijawahi. Nikainua kichwa. Tumani Diakite alikuwa anakuja katikati ya njia, bandeji usoni, na fuawe la baba kichwani. Peke yake. Mke wake nyuma analia, vijana wanataka kumpokea, anawakatalia. Alipita njia ileile, mbele ya vibanda vilevile. Aliponifikia hakusimama, akaelekea nyumbani kwetu, nikaacha vyungu nikamfuata, na soko zima likatufuata.

Alilitua mbele ya mama. Akapiga magoti, mtu wa umri ule, akasema yote kwa sauti ya kusikika. Akasema jina la baba, Siriman Ballo. Akasema teke la tanuri, na viatu, na kumhimiza baba kama punda. Kisha akanigeukia mimi na jicho lake moja. Alisema hivi, nimeyashika maneno: "Kaniba, ile siku uliyonitwisha gogo sokoni ndiyo siku niliyokujua. Nilikumbuka mtoto wa kike ameshika kanzu. Tanuri zangu tatu nilijua unaziharibu wewe. Nikasema acha, mtani ananirudi kwa mkono wake, ni haki yake, nitavumilia mpaka atosheke. Nilikosa mdomo tu wa kuomba radhi. Kumbe mkono wako haukutosha. Kiapo cha mababu kimenitafuta chenyewe, kimechukua jicho. Namshukuru Mungu halikuwa yote mawili." Akaomba msamaha kwa mama, kwangu, na kwako wewe uliye mbali, kwa jina lako.

Wanawake walilia. Nfali, ambaye halii hata kwenye misiba, alijifuta machozi kwa shati. Mama alijikokota akakaa chini kando ya fuawe, akalimwagia maji, akaliambia, "Siriman, umechelewa. Chakula kimepoa." Kisha akampa Tumani mkono. Watu wote wakanitazama mimi. Nikasema nimesamehe. Mtani akiomba hunyimi.

Sasa lile ambalo nimekuzungusha nalo kurasa zote hizi.

Halikuwa kiapo, Burama. Lilikuwa jiwe. Jiwe jekundu la kichuguu, dogo kama yai la kanga, lilikuwa kwenye udongo wa tanuri, likapata masizi likafanana na mkaa, likanywa yale maji ya kisimani tuliyozimia makaa. Baba alituambia hilo hasa, jiwe moja lenye maji katika gunia linatafuta jicho. Nililigonga. Halikulia. Nililishika mkononi nikijua ni nini na linaweza kufanya nini. Nikatazama upande wa kibandani nikamwona anafuta vumbi kwenye fuawe la baba kwa kitambaa, anaimba. Nikalirudisha kwenye gunia.

Na Ijumaa ile, kwenye mvukuto, niliona limeingia motoni. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Rudi. Lingetosha. Nilivuta mvukuto kwa nguvu zaidi.

Nimemwaga damu ya mtani. Yeye hakumwaga yetu, aliyofanya ni dhuluma, lakini damu ya baba hakuigusa. Aliyemwaga damu ni mimi. Watu wanakiogopa kiapo kwa ajili ya kazi ya mkono wangu, na yule mzee anakuja kila jioni kukaa na mama, wanasemezana habari za zamani, ananiita mla masizi kwa upendo. Namjibu.

Nfali anataka fuawe lisimikwe mwezi ujao, na sharti lisimikwe na mwanamume mkubwa wa nyumba ya Siriman, yaani wewe. Mila unaijua. Kabla ya nyundo ya kwanza, watoto wote wa nyumba wanaweka mkono juu ya chuma na kusema kwamba hakuna uongo wala damu kati yao na fuawe. Tumani ataketi mbele kama mtani wetu, ameshanunua kuku mwekundu. Wewe utaweka mkono, na mkono wako ni safi, kiapo chako ulikishika mpaka kikakuhamisha. Mimi nitaweka nini? Tangu Jumanne sijaligusa. Nafagia kulizunguka.

Najua utaniambia nitubu. Nimejaribu. Nimekaa usiku nikiyatafuta majuto kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Kila nikimwona anapapasa ukuta upande wa kushoto nasubiri moyo uume, na moyo hauumi. Unaruka, kaka. Unafurahi. Namwona baba na jasho machoni, hana mkono wa kujifuta, nasema sasa tumelingana. Kusema kweli mbele ya watu naweza, mimi si mwoga. Ila ukisema kweli lazima uombe radhi, na radhi nitakayoomba itakuwa uongo mwingine, na fuawe litasikia. Hiyo ndiyo shida yangu. Sijuti.

Njoo, Burama. Umekaa mbali vya kutosha kwa kiapo ambacho sasa hakina kazi. Wewe ni mkubwa, neno lako nitalifuata. Ukiniita niweke mkono, nitauweka na kusema yote, mama asikie, Tumani asikie, yatakayokuwa na yawe. Ukiniruka kama mlivyoniruka siku ile mlangoni, nitanyamaza mpaka kaburini na hakuna atakayejua ila wewe. Lakini safari hii uniruke ukiwa unanitazama.

Mama anakusalimu. Nfali anakusalimu, anasema ulete nyundo yako ya zamani kama bado ipo. Nisalimie wifi, wabusu watoto, mdogo umpake kifuani mafuta ya shea nitakayomtuma nayo Salimata. Mungu atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako,
Kaniba Ballo

Ndani ya kitambaa cha buluu kilichofungwa pamoja na barua kuna kipande cheusi. Nilikiokota chini ya fuawe watu walipokuwa wanambeba. Usiwape watoto wachezee, na usidhani ni mkaa. Kigonge.